Diwani Moja, Namba Tatu

Juzi mwalimu wa maktaba aliniandikia: "Dada, shule zetu za kata zimepata vitabu vya msaada. Kila shule iorodheshe vyake, au tuviweke pamoja kwanza?" Pamoja, mwalimu wangu. Msisite hata kidogo.

Yamenikuta. Kabla hatujaungana, diwani moja ya Kiswahili, yaani kitabu cha mashairi, ilikuwa na namba tatu. Shule moja waliibandika 811, ambayo kwenye Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za masomo, ni ushairi wa Kimarekani! Ya pili waliiweka 896.392, mahali pake hasa. Ya tatu, mtu aliandika "KISW 14" mgongoni kwa kalamu ya wino, yakaisha. Mwanafunzi akihamia shule ya jirani, aanzie rafu ipi?

Nilipopendekeza chumba kimoja cha kuandalia vitabu, mkuu wa shule mmoja alisema mbele ya kikao kwamba mkutubi anatafuta cheo. Neno lile halijanitoka mpaka leo. Tukaanza na waliokubali. Vitabu vipya vinashukia kwetu, vinaingizwa daftarini, vinagongwa muhuri wa shule yake, vinapewa namba, lebo na karatasi ya tarehe, ndipo vinapanda bajaji vikiwa tayari kwa rafu. Kikija kitabu kimoja nakala 40 za shule zote, kinaainishwa mara moja tu. Siku hizi mkuu yuleyule hunipigia simu kuuliza vyake vitakuwa tayari lini. Namjibu kwa upole kabisa.

Wala si jambo geni. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuuza kadi za katalogi zilizochapwa mwaka 1901, ili wengine wasirudie kazi iliyokwisha kufanywa. Sisi bado tunagombania nani ashike gundi. Walimu, tuache ubinafsi! Vitabu ni vya watoto, si vya ofisi ya mtu.

Basi, anzeni na vitabu vipya. Vya zamani vitafuata. Mkichagua Dewey fupi, yenye namba zilizofupishwa, tumieni hiyo nyote. Namba ikileta ubishi, amueni, muandike, msirudi nyuma. Kuchagua vitabu waachieni walimu wa masomo, chumba cha pamoja kisigeuke mahali pa kuombea ruhusa. Mkiwa na kompyuta, programu ya Koha ya kuendeshea maktaba haina ada ya leseni. Na kila shule ije na muhuri wake siku ya kwanza, kabla boksi halijafunguliwa, maana ugomvi huanzia hapo.