Kabla ya kununua kigunduzi cha metali

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyeji wa Kilwa ninayeishi Leicester, Uingereza. Kila Jumapili jirani yangu, mzee mstaafu, hutoka na mashine ya kugundua metali kwenda kupita mashambani. Wiki iliyopita alinionyesha sarafu ya fedha ya enzi za kati, nyembamba kama gamba la samaki, na tangu siku hiyo sijatulia. Ningependa kujua ninunue mashine ipi na nianzie wapi. Tena, mwezi Desemba nitakwenda likizo nyumbani: je, ninaweza kwenda nayo nikajaribu bahati yangu huko? — Msomaji, Leicester

JIBU: Ndugu msomaji, umepata uraibu mzuri, na umeupata mahali panapofaa, kwa kuwa England na Wales mtu wa kawaida anaruhusiwa kutafuta vitu vya kale kwa mashine hii bila leseni ya serikali, ilimradi ashike masharti. Si kila mahali ni hivyo: Ireland Kaskazini, kwa mfano, kuchimba kutafuta vitu hivyo bila leseni ni kosa. Hata hivyo, naomba nikujibu kwa kuanza na jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni ruhusa, kwa sababu mashine inapaswa kuwa kitu cha mwisho kununuliwa.

Kila kipande cha ardhi huko kina mwenyewe, zikiwemo bustani za halmashauri na sehemu kubwa ya fukwe. Kwa hiyo ni lazima upige hodi kwa mwenye shamba, ujieleze, na mkubaliane kwa maandishi ni wapi utapita, ni lini, na kitakachopatikana kitagawanywaje. Desturi ya wengi ni nusu kwa nusu. Kumbuka kwamba anayelima shamba huenda amelikodi tu, basi uliza mmiliki ni nani. Zipo pia sehemu za kale zilizoorodheshwa kulindwa, ambako sheria ya mwaka 1979 inakataza kutumia mashine bila kibali cha maandishi cha mamlaka husika, hata kama mwenye shamba amekuruhusu. Njia nyepesi kwako ni kumwomba mzee huyo akupeleke kwa wakulima wanaomfahamu, kwani miaka yake ya kufunga mageti na kufukia mashimo ndiyo itakayokudhamini.

Kuhusu mashine yenyewe, ya kiwango cha chini inamtosha anayeanza. Katika sahani yake ya chini mna koili za waya, ambazo umeme ukipita huzalisha uga wa sumaku unaobadilika mara maelfu kwa sekunde. Uga huo ukikuta metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake, ambao mashine huupokea na kuugeuza kuwa mlio na namba. Kwa kawaida msumari wa chuma hutoa mlio mzito wenye mikwaruzo, na sarafu ya fedha hutoa mlio mwembamba, safi. Ugumu ni kwamba pete ndogo ya dhahabu na kipande cha karatasi ya alumini vinaweza kutoa namba ileile, hivyo anayechoka kuchimba takataka ataiacha dhahabu chini. Fukia sarafu zako mwenyewe bustanini kwa kina cha sentimita 5, 10 na 15, upitishe sahani polepole karibu na ardhi, kila mpito ukiingia kidogo juu ya ule uliotangulia, mpaka sikio lako lizoee. Kwenye malisho, kata udongo pande tatu, ulikunjue donge na majani yake kama jalada la kitabu, kisha ulirudishe na kulikanyaga hadi pasijulikane kwamba palichimbwa. Ng'ombe akivunjika mguu katika shimo lako, mkulima hatakuruhusu tena, wala hatamruhusu mwingine.

Sasa nifike kwenye lililo moyoni mwangu. Mnamo Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea shambani, akakuta sarafu za Kirumi na vijiko vya fedha. Aliacha kuchimba, akatoa taarifa, na wanaakiolojia wakaja kulitoa lililobaki likiwa bado limekaa kama lilivyofukiwa. Kwa kuwa hakuendelea kufukua, waliweza kutambua kwamba vitu vilipangwa ndani ya sanduku la mbao ambalo lilikwisha kuoza. Zilikuwa sarafu karibu 15,000; Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, ambazo aligawana na mkulima, na nyundo nayo ilipatikana. Sarafu iking'olewa bila kuandikiwa ilikotoka hubaki kipande cha metali chenye bei tu, na ile habari haipatikani tena kwa fedha yoyote.

Ndiyo maana nakuomba ununue daftari kabla ya mashine. Andika mahali hasa, kwa vipimo vya ramani, na kina ulichofikia. Usisugue kitu ili king'ae. Na ukiona vitu vingi pamoja chini ya udongo unaolimwa, simama. Kila eneo lina afisa wa mpango wa kurekodi vitu vya kale, ambao kwa England husimamiwa na British Museum, naye atakutambulia ulichopata bila malipo. Kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, kitu kisicho sarafu chenye umri wa miaka 300 au zaidi na angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha ni hazina, na kadhalika sarafu mbili au zaidi za aina hiyo zilizopatikana pamoja. Hazina hutolewa taarifa ndani ya siku 14. Mwaka 2015 wanaume wawili walificha hazina kubwa waliyoipata Herefordshire, wakaanza kuiuza kwa siri. Mwaka 2019 walihukumiwa vifungo virefu, na kati ya sarafu zinazokadiriwa kufika 300 zilirudishwa 31 tu.

Ama kuhusu Kilwa, mashine iache Leicester. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba mabaki ya kale bila leseni, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba, ambazo maandishi ya pande zake mbili yana vina kama beti. Sarafu 5 za namna hiyo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Msaada mkubwa walio nao ni ramani ambayo askari aliyeziokota alitia alama ya mahali. Basi ukitembea Kisiwani baada ya mvua ukaona duara dogo la shaba iliyogeuka kijani mchangani, liache lilipo, kapige picha ya mahali, ukamwite mlinzi wa magofu aje alione.