Dira ya Sweden inalala upande mmoja, ni mbovu? Na orientiringi tunaanzaje Mwanza

SWALI: Habari mtaalamu. Mi ni mwalimu wa michezo sekondari, niko Kirumba. Nataka kuanzisha orientiringi shuleni, ule mchezo wa kukimbia unatafuta vituo kwa ramani na dira. Shemeji kaniletea dira kutoka Sweden ila nikiishika flati ncha nyekundu inapanda inagusa kioo, nyeupe inalala chini, inakwama haizunguki kabisa. Imeharibika? Na tunaanzia wapi wakati ramani za huo mchezo hatuna?

JIBU: Dira yako nzima mwalimu, ila imetengenezwa kwa ajili ya hukohuko ilikotoka. Sumaku ya dunia haivuti sindano kuelekea kaskazini tu, inaivuta na chini. Kule Sweden ncha ya kaskazini ndo inavutwa chini, tena kwa nguvu, kwa hiyo kiwandani wanaweka kauzito kidogo upande wa kusini ili sindano ikae sawa. Sasa sisi Mwanza tuko kusini ya ikweta ya sumaku (yaani mstari ambao juu yake sindano haivutwi chini upande wowote, unapita juu huko Ethiopia, sio ile ikweta ya kwenye atlasi), huku ncha inayovutwa chini ni ya kusini, jumlisha na ule uzito waliouweka wao, lazima ilale. Ndo maana Suunto kwa mfano wanauza dira zenye alama ya NH za kaskazini, SH za kusini, na nyingine za global zinazofanya kazi popote. Ukinunua nyingine tafuta hiyo ya global.

Kwa sasa usiitupe. Ukitaka kusoma iinamishe kidogo, upande wa kusini ushuke na wa kaskazini uinuke, mpaka uone sindano imeachia na inacheza yenyewe. Inasumbua ukiwa unakimbia lakini ukisimama inasomeka vizuri tu.

Ila mi kama mpima ardhi nakwambia kwa wanafunzi wanaoanza dira haina haraka, kwanza ramani. Watu wengi wanaanza na dira kwa sababu ndo inaonekana ya kitaalamu, afu mtoto anajua digrii 240 iko wapi lakini hajui yeye mwenyewe kasimama wapi. Mfundishe mambo mawili: ramani inageuzwa mpaka ilingane na ardhi, sio wewe unageuza shingo kuisoma, na kidole gumba kinakaa pale ulipo na kinasogea kila unaposogea. Na hapa Mwanza tumependelewa maana ziwa liko upande wa magharibi wa mji na unaliona karibu kila ukipanda kilimani, unageuza ramani mpaka rangi ya bluu iangalie ziwa, basi. Capri Point peke yake ndo itakuchanganya, pale maji yanakuzunguka.

Ramani utachora mwenyewe. Kuna programu inaitwa OpenOrienteering Mapper, ya bure, inaingia kwenye simu ya Android, unaweka picha ya setilaiti au data ya OpenStreetMap (ramani ya bure ya mtandaoni) chini yake afu unatembea eneo la shule unachora juu. Tumia skeli ya 1:4000, yaani sentimita 1 ni mita 40, ndo ya mbio fupi za mjini na inatosha shule na mtaa unaoizunguka. Rangi fuata za kimataifa usibuni zako: kahawia ni kontua (mistari ya kuonyesha mwinuko), bluu maji, nyeusi mawe na vitu vilivyojengwa, manjano sehemu ya wazi, nyeupe ni msitu unaopitika (hapo wengi wanakosea, wanadhani nyeupe ni uwanja mtupu), kijani kadiri inavyokolea ndo vichaka vinazidi kukubania. Ile kijani ya zeituni ni eneo la mtu, kwenye mbio za mjini ukikatiza hapo unaondolewa mashindanoni, na kwa vilima vyetu vilivyojaa nyumba utaitumia sana.

Mawe sasa. Kawaida jiwe linaingia kwenye ramani likianzia kimo cha mita 1, lakini ukifuata hiyo Mwanza ramani nzima itakuwa doti nyeusi na hakuna atakayeisoma. Chora yale yanayojitenga, ambayo mtu akitokea anasema hilo hapo. Na ukiweka kituo kwenye jiwe lazima karatasi ya maelezo iseme upande gani, mfano jiwe la mita 2.5, upande wa kaskazini-mashariki, la sivyo mtoto anazunguka jiwe zima anabahatisha, na hapo sio ramani tena.

Dira ikifika zamu yake anza na ujanja mmoja. Tuseme kituo kipo pale barabara inapokata korongo, na wewe unatokea vichakani. Usilenge hapohapo, lenga kushoto makusudi, ukigonga barabara unajua kabisa unageukia kulia. Ukilenga katikati ukakosa hujui umekosea upande upi.

Jua la mchana lisitumike kutafuta kaskazini, huku mwezi wa 6 linapita kaskazini yetu na mwezi wa 12 linapita kusini.

Bendera rasmi ya kituo ni chungwa na nyeupe, sentimita 30 kwa 30, ila mtaani watoto watazibeba zote kabla ya mbio kuanza, bora upake herufi kwa rangi kwenye nguzo na kuta ulizoruhusiwa, mwanafunzi anaandika herufi aliyoikuta. Mkitoka nje ya geti mtaarifu mtendaji wa mtaa mapema maana vijana wanaokimbia vichochoroni na karatasi wanatia watu wasiwasi, na vituo visiwe majini wala kwenye matete, huko kuna kichocho na viboko.