Uliza Fundi: Harusi iko kwenye CD nne, deki imekufa

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Tanga, nina CD nne za harusi yetu ya 2007, moja sendofu, moja kanisani, mbili ukumbini. Deki ilishakufa zamani. Mwanangu kachomeka CD kwenye kompyuta kakopi mafaili akatia kwenye flashi, TV inasoma lakini vipande vipande, naingia ukumbini picha inakatika, faili jingine linaanza nishakaa mezani. Afu kuna moja ikifika kwenye keki inaganda. Nifanyeje? Na muvi zetu za zamani za dukani nazo zinahamishika?

JIBU: Nzuri dada. Mwanao hajakosea sana. Hizo ni DVD, na DVD haihifadhi video kama faili moja, inaikatakata kwenye mafaili ya VOB yasiyozidi giga 1, deki ndiyo inayajua yafuatane vipi ila TV yako haijui.

Mwambie arudie, safari hii akopi folda nzima ya VIDEO_TS kwenye kompyuta, kila CD na folda lake, aandike sendofu, kanisani na kadhalika, manake mafaili ya ndani yana majina yale yale akichanganya tu imekula kwenu. CD moja ya aina hiyo kwa kawaida haizidi giga 4.7 kwa hiyo zote nne hazifiki 19. Na msichelewe, zile za kuchoma zinaandikwa kwenye rangi, na rangi inapauka kwa jua na joto, na joto la Tanga unalijua mwenyewe.

Hapo ndo aweke HandBrake, ni programu ya bure ya kugeuza video. Anafungua folda, anachagua ile taitoli (kipande cha video) ndefu kuliko zote, aina ya faili MP4, mfinyo wa video H.264, ubora RF 20 basi. Asijidanganye kuikuza iwe HD, picha ya DVD yetu ni 720 kwa 576, ukiivuta unapata faili nene na sura zile zile. Cha kuangalia kwa makini ni watu wakicheza, ukiona kingo za shela zina mistari kama meno ya kitana, ujue video ilirekodiwa kwa nusu picha mbili mbili za kupishana kwa ajili ya TV za zamani, kuna kichujio kinaitwa Decomb ahakikishe kimewashwa. Ajaribu dakika 2 za muziki kwanza, sio aache kompyuta usiku kucha asubuhi mkute bwana harusi ana michirizi.

Flashi ikikataa faili linalozidi giga 4 haijaharibika, ni mpangilio wa FAT32, iformatiwe exFAT kama TV inaisoma (sio zote zinasoma, za zamani hasa).

Muvi za dukani nyingi zina kufuli na HandBrake peke yake haiifungui, na sheria ya kuvunja hiyo kufuli inatofautiana nchi na nchi kwa hiyo mie hapo sikusukumi. Ila kuzirudufu ukauza au ukawagawia watu, hiyo ni kesi ya COSOTA, wale wa hakimiliki, moja kwa moja.

Sasa keki. Futa CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, usizungushe, manake data imezunguka na mkwaruzo wa kuzunguka unafuta sehemu ndefu mfululizo. Dawa ya meno acha, inakwaruza. Ikigoma jaribu kompyuta nyingine, kuna drivu zinasoma mahali ambapo nyingine zimeshindwa. Ikishindikana kabisa mtafute aliyewapiga video, kipindi kile wengi walitumia mikanda midogo ya MiniDV, na kama mkanda wenu bado anao kabatini, huo una picha nzuri kuliko hiyo CD.