Jaketi la mvua kwa mlima wa barafu: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi za toleo hili zinahusu kitu kimoja: jaketi la nje lisilopitisha maji wala upepo, la kuvaliwa kwenye theluji na barafu. Tumechagua tano.

SWALI: Nimenunua jaketi la Gore-Tex, kitambaa chenye utando wa kuzuia maji, halisi kabisa, si la kuigiza. Lakini usiku wa kwenda kileleni, nikifika Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kilimanjaro, nalikuta limelowa kwa ndani. Je, limetoboka? — Mwongoza watalii, Moshi

JIBU: Kaka, karibu kila mara maji hayo ni jasho lako mwenyewe. Utando ulio ndani ya kitambaa unazuia tone la maji na kuruhusu mvuke, lakini mvuke hautoki kwa sababu tu njia ipo. Unasukumwa na tofauti kati ya joto na unyevu wa ndani na baridi na ukavu wa nje. Usiku wa Kibo, baridi ikifika nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, kitambaa chenyewe kinashuka chini ya sifuri. Mvuke ukikigusa unaganda upande wa ndani kabla haujapita, kama unavyogeuka matone kwenye kifuniko cha sufuria. Jua likichomoza, barafu ile nyembamba inayeyuka na wewe unadhani jaketi linavuja.

Jasho na uvujaji vinatofautishwa kwa mahali palipolowa. Jasho hulowesha eneo pana: mgongo, kifua, chini ya mikanda ya begi. Uvujaji hufuata mstari au hukaa kona moja: mshono wa begani, pembeni mwa zipu, pembe ya mfuko. Ukitaka uhakika, geuza mkono wa jaketi ndani nje, funga ncha yake kwa kamba hadi ikaze, mimina maji yafike kimo cha sentimita 20, kisha uuning'inize juu ya beseni dakika 10. Kimo hicho ni shinikizo dogo sana. Jaketi likitoa matone hapo, mvua ya mlimani hutaiweza nalo.

Kama ni jasho, tiba iko kwenye mavazi ya chini na mwendo. Vaa fulana ya sufu au ya poliesta, kamwe si ya pamba, halafu flisi (sweta laini la poliesta) nyembamba. Ondoka kambi ya Barafu ukisikia baridi kidogo. Ukianza na joto la kutosha, baada ya nusu saa utakuwa unatoka jasho. Fungua zipu za kwapani na shingoni kabla hujalowa, maana ukishalowa hazisaidii sana. Kama hakuna upepo wala theluji, jaketi la mvua likae begini.

Jambo moja ni la Kilimanjaro hasa. Kule mwendo ni wa polepole na juu upepo ni mkali, kwa hiyo jaketi la mvua huvaliwa juu ya jaketi la manyoya ya bata. Lijaribu dukani hivyohivyo. Likiwa dogo linayabana manyoya, na manyoya yakibanwa hayashiki hewa, kwa hiyo hayatunzi joto.

SWALI: Naishi Glasgow, na msimu ujao wa baridi naanza kupanda kwa mashoka ya barafu, Ben Nevis na Cairngorms, milima ya Uskoti. Dukani jaketi moja limeandikwa 10,000 mm, jingine 28,000 mm kwa bei karibu mara mbili. Nichukue lipi? — Msomaji wa kike, Glasgow

JIBU: Dada, weka namba hizo kando kwanza. Namba ya milimita ni kimo cha maji ambacho kitambaa kipya kilistahimili maabara. Milimita 10,000 ni nguzo ya maji ya mita 10, yaani takriban kilo moja ikikandamiza kila sentimita mraba. Matone ya mvua hayafiki huko. Panapokaribia ni mabegani chini ya mikanda ya begi, na unapopiga goti au kukaa kwenye theluji mbichi. Uskoti mvua ya theluji ni jambo la kawaida na begi la kamba na vyuma ni zito, kwa hiyo tungependa 20,000 kwenda juu. Kati ya 20,000 na 28,000 hutaona tofauti.

Namba ya kupumua ina mtego zaidi. Watengenezaji hutumia vipimo tofauti, na gramu 20,000 za mvuke za kipimo kimoja si sawa na gramu 20,000 za kingine. Kama lebo inaonyesha Ret, kipimo cha jinsi kitambaa kinavyozuia mvuke kutoka, tumia hiyo, ukikumbuka kwamba namba ndogo ndiyo nzuri: chini ya 6 ni bora sana, na ikizidi 13 utalowa jasho kwenye mwinuko wa kwanza.

Kinachoamua ni umbo. Nenda dukani na helmeti yako, hanesi yako (mkanda wa kiunoni na mapajani unaofungiwa kamba), glavu zako nene na nguo utakazovaa chini. Wauzaji wa vifaa vya milimani wamezoea; usione haya.

Anza na kofia ya jaketi. Ivae juu ya helmeti, funga zipu hadi kidevuni, kisha tazama kushoto, kulia na juu kabisa. Uso wako ukigeuka na kofia ikabaki mbele, utakuwa unapanda bila kuona. Shingo ikikaza hadi kidevu kivutwe chini, rudisha jaketi rafu. Ukingo wa mbele uwe na waya au plastiki ngumu ili upepo usiukunje machoni, na kamba za kukazia ziishie ndani. Kamba inayoning'inia huchapa uso kwenye upepo. Jaketi nyingi nzuri huanguka mtihani huu kwa sababu zimeshonwa kwa kichwa kisicho na helmeti.

Sasa funga hanesi juu ya jaketi na uinue mikono yote miwili kama anayepiga mashoka juu ya kichwa. Pindo lisichomoke kwenye hanesi, maana likichomoka mara moja halirudi, na theluji inaingia kiunoni siku nzima. Mikono ya jaketi isishuke chini ya kifundo cha mkono zaidi ya sentimita mbili tatu. Mikono hiyohiyo ikiwa juu, barafu iliyoyeyuka hutiririka kutoka kwenye glavu hadi kwenye kiwiko, kwa hiyo velkro ya mkononi iwe pana na ikazike ukiwa umevaa glavu.

Mifuko iwe kifuani, juu ya mkanda wa hanesi. Mifuko ya kiunoni inazibwa na hanesi, na ukiweka kitu humo kinakuchoma nyonga. Zipu kuu iwe ya kufunguka pande mbili, ili siku jaketi likiwa juu ya hanesi na unamshikia mwenzako kamba, uifungue kutoka chini kidogo na kuifikia hanesi bila kufungua kifua. Udhaifu wake ni kitelezi cha chini: barafu ikijaa hapo, kuanzisha zipu kwa vidole vya ganzi ni kazi. Jaribu kuifunga na glavu mara kadhaa kabla ya kulipa. Zipu zinazoitwa za kuzuia maji huyapunguza tu, kwa hiyo tafuta zenye ulimi wa kitambaa nyuma yake.

Kitambaa kiwe cha tabaka tatu zilizogandishwa pamoja: kitambaa cha nje, utando na kitambaa cha ndani. Majaketi ya tabaka mbili na nusu ni mepesi, gramu 200 hadi 300, na yanafaa kukaa begini wakati wa kiangazi, lakini upande wa ndani hushika ngozi na granite ya Cairngorms huyachana. Angalia namba yenye herufi D, unene wa uzi: 40D ni chini kabisa kwa barafu, na mabegani na viwikoni 70D au 80D ni bora. Jaketi la aina hii huwa gramu 400 hadi 550. Uzito huo haukwepeki.

Ukubwa ni kinyume na tulivyomwambia kaka wa Moshi. Kwako jaketi litoshee juu ya flisi na koti jembamba tu. Unaposimama kushika kamba, vaa juu ya kila kitu jaketi nene la nyuzi za kutengenezwa, si la manyoya, kwa sababu manyoya yakilowa yananywea na Uskoti kulowa ni hakika. Rangi iwe kali, nyekundu au ya machungwa. Ukungu wa Ben Nevis, mita 1,345 juu, humeza mtu wa rangi ya kijivu akiwa hatua chache tu.

Kwa hiyo la 10,000 lenye kofia nzuri na mkato mzuri ni bora kuliko la 28,000 linalochomoka kwenye hanesi. Bora zaidi ni la katikati, la msimu uliopita, ambalo maduka huliuza kwa punguzo mwezi Machi na Aprili.

SWALI: Pesa ya jaketi jipya hatuna. Tunanunua mtumba soko la Memorial. Tunajuaje zima na lililokufa? — Wapagazi, Moshi

JIBU: Mtumba mzuri upo, na jaketi la mlimani la miaka michache ni bora kuliko jipya la bei ya chini. Ligeuze ndani nje pale pale sokoni.

Kagua utepe unaoziba mishono. Pitisha ukucha pembeni mwake: ukiinuka sehemu moja, fupi kama kidole, unaweza kubandikwa tena kwa gundi ya mishono. Ukiinuka kila mahali au ukawa umebadilika rangi ya kahawia, acha. Halafu sugua kitambaa cha ndani kwa kidole gumba. Malengelenge maana yake utando umeachana na kitambaa. Ungaunga mweupe au magamba, na ule mnato wenye harufu kali ya uchachu, ni dalili kwamba poliurethani, plastiki inayozuia maji, imeoza kwa unyevu na umri. Hakuna sabuni inayorudisha hilo. Kama lina bitana inayoning'inia, ingiza mkono ndani ya mfuko upapase nyuma yake, kwa sababu ubovu hujificha hapo.

Liangalie dhidi ya jua, hasa mabegani na kiunoni panaposuguliwa na mikanda. Lebo yenye jina kubwa isiwadanganye: jaketi lisilo na utepe wa mishono si la mvua. Majaketi ya kuteleza kwenye theluji yenye nyuzi nene za kutunza joto ndani ni mengi sokoni na yanavutia, ila nyuzi zile zikilowa ni mzigo na hazikauki kambini.

Kitelezi cha zipu kilicholegea si tatizo. Fundi hukibadilisha kwa pesa kidogo. Lakini fundi asishone kiraka, na kampuni isidarizi nembo yake kifuani. Kila tundu la sindano ni tundu la maji, na nembo moja ina mamia. Nembo iwekwe kwenye flisi. Na kabla hamjatoa pesa, kumbukeni kwamba KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, huwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo hapo hapo Moshi.

SWALI: Nakwenda Rwenzori, hadi kilele cha Margherita. Nibebe jaketi au poncho? — Nairobi

JIBU: Vyote viwili. Msituni chini hewa yenyewe imejaa unyevu, utando hauna pa kupeleka mvuke, na poncho inayopitisha hewa pembeni inakuweka mkavu kuliko jaketi lolote. Penye ngazi, kamba na barafu, poncho iingie begini: inaficha miguu yako na upepo unaifanya tanga. Beba seti kavu ya kulalia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na usiivae mchana hata ukitamani.

SWALI: Jaketi langu zamani maji yaliteleza juu yake, sasa kitambaa kinanywa maji na kuwa kizito. Utando umekwisha? — Nanyuki

JIBU: Hapana, kilichokwisha ni dawa ya juu inayofukuza maji. Kitambaa cha nje kikilowa, mvuke hauna pa kupitia na unahisi baridi ya maji ingawa utando ni mzima. Moshi wa jiko, jasho na mafuta ya kuzuia jua ndivyo vinavyoiua, hasa kwenye kofia na mabegani. Dawa za siku hizi zisizo na florini, ambazo watengenezaji wamehamia kwa sababu ya sheria za kudhibiti kemikali za florini kwenye nguo, kama ile ya California iliyoanza 2025, hazizuii mafuta vizuri, kwa hiyo jaketi jipya linataka kufuliwa mara nyingi kuliko la zamani.

Funga zipu na velkro zote. Fua kwa maji ya uvuguvugu, yasizidi nyuzi 40, kwa sabuni maalumu kama Nikwax Tech Wash, au kwa sabuni ya maji kidogo tu. Sabuni ya unga, jiki na kilainisho cha nguo ni marufuku. Suuza mara mbili, na mara ya tatu kama bado kuna povu. Usilikamue kwa kulisokota. Lianike kivulini hadi likauke, halafu weka kitambaa juu yake na upige pasi ya moto mdogo kabisa, bila mvuke. Joto huamsha dawa iliyobaki. Pasi ya mkaa haifai, kwani moto wake haupimiki.

Nyunyizia maji. Yakisimama kama shanga, umemaliza. Yakizama, lifue tena, na likiwa bado bichi lipake dawa mpya ya kunyunyizia, ongeza mabegani na kwenye kofia, futa michirizi baada ya dakika mbili, kausha, kisha rudia pasi kama maelekezo ya chupa yanaruhusu.