Fundi Anajibu: taa inakonyeza mara mbili, inatulia, afu mbili tena

SWALI: Shikamoo fundi, kamwene. Mi niko Tandala huku Makete, nina Hilux ya zamani ya petroli, ya injekta sio kabureta, napakilia viazi kupeleka Njombe. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze asubuhi haitaki kuwaka, napiga starta mpaka betri inachoka, ikiwaka inatetemeka inazima, ila ikishapata moto inatembea freshi na mlima inapanda na mzigo. Taa ya chek injini haizimi. Fundi wa hapa alikuja na mashine ya kupimia, ikakosa pa kuchomeka, akasema basi kontrol boksi (kompyuta ya injini) imekufa nitafute 450,000 nichukue ya mtumba. Mita ya joto kwenye dashibodi inasoma kawaida tu. Nifanyeje?
(Msomaji, Tandala)

JIBU: Marahaba kijana wangu, kamwene. Hiyo hela usiitoe kwanza, nakuomba sana. Mashine kukosa pa kuchomeka sio ugonjwa wa gari. Soketi ya pini 16 ya kuchomekea hiyo mashine Marekani waliilazimisha kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea, Toyota nyingi za zamani hazina, zenyewe zinaongea kwa taa.

Fungua boneti utafute kiboksi cha plastiki chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC au DIAGNOSIS. Ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu, tafuta TE1 na E1, uyaunganishe kwa kipande kifupi cha waya. Hayo mawili tu! Humo humo kuna tundu lenye umeme wa betri, ukikosea unaweza kuunguza kitu kweli, kwahiyo soma ramani mara mbili na kama macho yanasumbua mwite kijana akusomee. Gia iwe huru, AC imezimwa, usikanyage mafuta (ukikanyaga inaweza kukupa kosa namba 51 la bure ukaanza kulitafutia dawa), afu washa swichi bila kupiga starta uangalie taa.

Ikikonyeza harakaharaka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kama lipo itahesabu, makumi kwanza, inatulia kama sekunde moja na nusu, afu mamoja. Kwa dalili zako mi nategemea uone mara mbili, kutulia, mara mbili tena, yaani 22. Hiyo ni saketi, yaani njia ya umeme, ya sensa ya joto la maji, kile kifaa kinachoiambia kompyuta maji ya injini yana moto kiasi gani. Kompyuta ikipoteza hiyo sensa haikai kimya, inajiwekea kwamba maji yana nyuzi 80, sasa we uko Makete alfajiri injini ni barafu, yenyewe inadhani imeshachemka inamwaga petroli kidogo, itawakaje? Ikishapata moto wa kweli kile inachodhani na hali halisi vinakaribiana, ndo maana mchana huna shida.

Mita ya dashibodi isikudanganye. Mita ina sensa yake, mara nyingi ya waya mmoja, ya kompyuta ni nyingine ina plagi ya waya mbili. Hapa ndo mafundi wengi wanapotea.

Na 22 haijasema sensa imekufa, imesema kwenye njia ile kuna tatizo, inaweza kuwa sensa, plagi au waya. Pima. Chomoa plagi injini ikiwa baridi, weka testa (mita ya kupimia umeme) kwenye miguu miwili ya sensa, ikiwa upande wa omu, yaani wa kupima ukinzani. Kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome kama omu 2,000 mpaka 3,000, baridi ikizidi namba inapanda, injini ikiwa na nyuzi 80 inashuka mpaka 200 hivi au 400. Isiposoma kitu kabisa, hapo nunua sensa. Ikisoma vizuri rudi kwenye waya, washa swichi upime ile plagi ya upande wa waya, iwe na volti 5 hivi. Angalia ndani ya plagi kama kuna kutu ya kijani, na ufuate waya kwa vidole taratibu mpaka mwisho, maana gari inayolala karibu na stoo ya viazi panya hawaiachi. Nimewahi kukuta waya umetafunwa umebaki uzi mmoja wa shaba, kwa macho huuoni, mpaka uukunje.

Ukishatengeneza zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa injekta) kama dakika moja ili kosa lifutike, rudisha, tembea nayo siku mbili usome tena. Kontrol boksi ni ya mwisho kabisa kushukiwa.

SWALI: Fundi, yangu ni Hilux ya dizeli, injini 3L, asubuhi inagoma. Nimeambiwa nilipie kupimwa kompyuta. Ni sawa?
(Msomaji, Uyole)

JIBU: Hapana ndugu yangu, usilipe. 3L pampu yake ni ya kimakanika, injini haina kompyuta ya kusoma makosa. Anza na hita plagi, zile zinazopasha moto injini ya dizeli kabla ya kuwaka, toa ile pleti inayoziunganisha upime moja moja kwa testa, nzima inasoma karibu na sifuri, iliyoungua haisomi kitu. Zikiwa nzima zote, angalia kama zinafikiwa na umeme ukiwasha swichi, afu uhamie kwenye filta ya dizeli na mipira yake, kama kuna sehemu inavuta hewa.