Ukipandisha kikomo cha miunganisho, umeihamisha foleni tu

Hifadhidata yetu ya PostgreSQL inakataa wateja: "too many clients already". max_connections, yaani kikomo cha miunganisho, ni 100. Nikiweka 1,000 tatizo litakwisha?

Halitakwisha. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na karibu kila anayeuliza hajatazama nani ameishika hiyo mia. Katika PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato kamili wenye kumbukumbu yake. Michakato 1,000 ikiwa na kazi kwa wakati mmoja itagombania viini vilevile vya kichakataji, tuseme 8. Foleni umeihamishia ndani ya hifadhidata, mahali pabaya kuliko pote pa kusubiria. Fungua kwanza pg_stat_activity, jedwali linaloonyesha kila muunganisho unafanya nini, usome safu ya state. Ukikuta "idle in transaction" (muamala, yaani kundi la amri linalokamilishwa kwa pamoja, uko wazi lakini haufanyi kitu) imejipanga mstari baada ya mstari, mwizi yumo kwenye programu yako: imefungua muamala, ikaenda kuita huduma ya nje, na sekunde 5 inazosubiri jibu, muunganisho umeshikwa bure. Iite huduma hiyo muamala ukiwa umefungwa. Weka na idle_in_transaction_session_timeout, inayokata muunganisho ulioacha muamala wazi bila kazi kupita muda uliouweka; ipo tangu toleo la 9.6.

Akiba ya miunganisho (pool), ile ambayo programu huweka wazi na kuitumia tena na tena, iwe na mingapi?

Michache kuliko unavyodhani. HikariCP, maktaba ya Java ya akiba hiyo, isipoelekezwa huishia 10, na programu nyingi hazihitaji zaidi. Anza hapo, kisha pima. Ila usisahau kuzidisha: nakala 20 za programu, kila moja na akiba yake ya 10, ni miunganisho 200. Hesabu hii ya darasa la tatu huangusha mifumo siku ileile watu wanapoongeza seva ili kuiokoa.

PgBouncer, programu inayokaa kati na kugawa miunganisho michache ya PostgreSQL kwa wateja wengi, itatufaa?

Ndiyo, mkiitumia kwa kila muamala, yaani muamala ukiisha muunganisho unapewa mwingine. Lakini kwa sababu hiyo LISTEN (amri ya kusubiri taarifa) na SET ya kikao (mpangilio wa muunganisho mzima) hazitafanya kazi mlivyozoea, basi pekueni msimbo wenu kabla, msisubiri watumiaji wawaambie.

Sisi tuko MySQL. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu. Huko kila muunganisho ni uzi, si mchakato, na kikomo cha kawaida ni 151. Tazameni wait_timeout, muda ambao muunganisho usio na kazi huachwa kabla ya kukatwa: isipoguswa ni sekunde 28,800, yaani saa 8. Muunganisho uliosahauliwa asubuhi unakalia nafasi hadi jioni.

Naita close() mwisho wa kila kazi, bado miunganisho inavuja.

Iweke ndani ya finally, sehemu ya msimbo inayotekelezwa hata kosa likitokea. Kosa likitokea mstari wa juu, hiyo close() yako haifikiwi.