Libcurl na kosa la kumbukumbu la daraja la chini: kabla hujajenga curl mpya, soma hili

Wakuu, nimeona swali la mwenzetu: mkaguzi wa mteja amekagua seva yao, ripoti imesema libcurl (maktaba ya curl, ambayo programu nyingi huitumia kuhamisha data mtandaoni) ina CVE-2024-7264 (CVE ni namba ya kutambulisha kosa la usalama), kosa la kumbukumbu, hatari yake daraja la chini. Bosi anataka liondoke leo. Anauliza apuuze, au ajenge curl mpya kutoka kwenye msimbo wake. Nimepita hapohapo Agosti 2024, ofisini kwetu Kijitonyama, na yalinikuta.

Kwanza kosa lenyewe. Cheti cha TLS (kitambulisho ambacho seva huonyesha kwenye muunganisho uliosimbwa) kinabeba tarehe, na tarehe inaweza kuwa na vipande vya sekunde. Libcurl ikikutana na tarehe iliyoandikwa vibaya, urefu wa kile kipande unaweza kutoka -1. Hapo inaanza kuhesabu herufi yenyewe mpaka ikute baiti ya sifuri, maana kwenye lugha ya C sifuri ndiyo mwisho wa maneno. Ni kama umtume mtoto Sinza umwambie "nenda mpaka uone geti jekundu", kumbe mtaa ule hauna geti jekundu. Atapitiliza, ataingia nyua za watu. Mara nyingi programu inaanguka tu. Ila programu iliyoomba taarifa za cheti inaweza kurudishiwa na mabaki ya kumbukumbu yasiyoihusu.

Sasa kwa nini chini? Kwa sababu anayekushambulia lazima awe upande wa pili wa muunganisho na cheti kibovu mkononi, na kwa sababu msimbo huo hautumiki kwenye kila curl. Curl huazima kazi ya TLS kwa maktaba nyingine, kama OpenSSL au GnuTLS. Iliyojengwa kwa OpenSSL haiguswi kabisa. Ya GnuTLS inaguswa. Linganisha na kosa la Oktoba 2023 la SOCKS5 (njia ya kupitisha muunganisho kwenye seva ya kati), lililorekebishwa kwenye curl 8.4.0: lile watengenezaji wa curl wenyewe waliliweka daraja la juu, na siku ile kukesha kulikuwa na sababu.

Mimi sikuuliza hayo. Niliona namba nyekundu kwenye ripoti, nikapakua curl 8.9.1 yenye marekebisho, nikaijenga, nikaiweka /usr/local/lib. Ubuntu inatazama humo kwanza, kwa hiyo PHP yetu (lugha ya kuandikia programu za seva) ikaanza kutumia ya kwangu. Skana ikanyamaza, nikaenda nyumbani. Kumbe curl ukiijenga bila kuiambia itumie maktaba ya libssh2 haina SFTP (njia salama ya kutuma faili), na faili letu la malipo ya usiku lilikuwa linakwenda kwa SFTP. Halikwenda. Asubuhi wenye maduka Kariakoo wanapiga simu, fedha za jana hawajaziona, na mmoja alikuwa na mzigo bandarini anaosubiri kuulipia. Yule mama sijamsahau.

Na kilichoniuma zaidi: PHP ile tangu mwanzo ilikuwa inatumia libcurl ya OpenSSL. Nilivunja kitu ambacho kosa hili halikukigusa. Iliyokuwa inatumia libcurl ya GnuTLS kwenye seva ile ni git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo.

Kwa hiyo mkuu, usipuuze, na usijenge. Andika curl --version uone kama ni OpenSSL au GnuTLS, halafu dpkg -l | grep libcurl uone pakeji za libcurl zilizopo, kwa sababu kwenye Ubuntu zote mbili zinaweza kuwepo pamoja. Kisha apt update, na usasishe pakeji hizo tu. Usishtuke namba ikibaki 7.81.0 kwenye Ubuntu 22.04, watu wa Ubuntu huchukua kiraka cha marekebisho na kukishona kwenye toleo la zamani. Ushahidi wa kumpa mkaguzi ni apt changelog ya pakeji yenyewe, utafute namba ya CVE humo. Wakaguzi wengi wanaukubali ukiwaonyesha.

Halafu hatua inayosahaulika sana: washa upya huduma zinazotumia maktaba hiyo. Faili jipya likishakaa kwenye diski, programu iliyokuwa inaendelea bado imeshika la zamani. Andika lsof | grep libcurl. Ukiona DEL, programu hiyo bado imeshika faili la zamani. Sisi tunafanya saa nane usiku, baada ya faili la malipo kutoka.

Ukikwama weka hapa matokeo ya hizo amri mbili za kwanza, ila futa jina la seva na anwani ya IP kabla hujabandika.